Umeme wa jua kwa nyumba ya Edmonton: kuchagua paa, bei, betri na mkopo

Mji wa Edmonton, makao makuu ya jimbo la Alberta nchini Kanada, uko kwenye latitudo ya nyuzi 53.5 kaskazini, na mtu aliyekulia Mwanza au Mombasa huona taabu kuamini kwamba paneli za jua zinaweza kulipa mahali ambapo mto wa mjini huganda kila mwaka. Hata hivyo, takwimu za wizara ya maliasili ya Kanada zinaonyesha kwamba kila kilowati moja ya paneli zilizoelekezwa kusini na kuinamishwa vizuri huzalisha Edmonton takriban uniti 1,245 kwa mwaka, yaani kilowati-saa 1,245. Toronto, iliyo kusini zaidi, hupata 1,161, Vancouver hupata 1,009, na Berlin, katika nchi iliyojaa paneli kuliko nchi nyingi za Ulaya, hupata 848 tu. Hewa ya nyanda za Alberta ni kavu, siku zisizo na mawingu ni nyingi, na mwezi Juni mchana hufikia saa 17. Baridi nayo husaidia, kwa kuwa paneli hupoteza takriban asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi ambayo joto lake linapanda.

Kwa hiyo swali la mwenye nyumba wa Edmonton si kama jua linatosha. Swali ni uniti inayozalishwa saa saba mchana mwezi Juni, wakati hakuna mtu nyumbani, italipwa kwa bei gani, na uchaguzi karibu wote unaolinganishwa hapa chini unategemea jibu la swali hilo. Fedha zote zilizotajwa ni dola za Kanada.

Paa la kusini na paa la mashariki na magharibi

Afrika Mashariki jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwaka mzima, hivyo fundi huhangaika zaidi na kivuli cha mwembe kuliko na upande ambao paa limeelekea. Edmonton hali ni tofauti kabisa. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni jua hupanda hadi nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, lakini tarehe 21 Desemba huishia nyuzi 13, kisha mchana wenyewe hudumu saa saba na nusu tu. Siku hiyo ya Desemba, ukuta wenye urefu wa mita sita hutupa kivuli cha mita 26 upande wa kaskazini, kiasi cha kuvuka ua na kupanda paa la jirani. Hasara ya kivuli hicho si kubwa kama inavyoonekana, kwa sababu zaidi ya nusu ya umeme wa mwaka hupatikana kati ya Aprili na Agosti. Msonobari unaofunika paa mwezi Mei ni tatizo kubwa kuliko nyumba ya jirani inayolifunika mwezi Desemba.

Nyumba nyingi za mjini zina paa lenye mwinamo wa nyuzi 18 au 27, chini ya ule unaofaa zaidi katika latitudo hii. Paneli zikilala juu ya paa la nyuzi 18 linaloelekea kusini, ni busara kutarajia uniti 1,100 hivi kwa kila kilowati kwa mwaka, si 1,245. Paneli hizo hizo zikigawanywa mashariki na magharibi, mavuno hupungua kwa takriban asilimia 15, na upande wa kaskazini hupoteza karibu theluthi moja. Mwenye paa la kaskazini pekee, kwa maoni yangu, asianze kabisa, hata kama muuzaji atamwambia kwamba paneli zimeshuka bei.

Wapo wanaosoma ushauri kutoka Ujerumani na kuambiwa kwamba mashariki na magharibi ni bora, kwa kuwa paneli za mashariki hufanya kazi wakati wa kifungua kinywa na za magharibi wakati wa kupika chakula cha jioni. Ushauri huo ni sahihi kwa Ujerumani, ambako uniti ya kununua ni ghali mara kadhaa kuliko malipo ya uniti inayopelekwa kwenye gridi, na kwa hiyo kila uniti inayotumiwa papo hapo ni faida kubwa. Alberta tofauti kati ya bei hizo mbili ni ndogo, kama tutakavyoona kwenye bili, na kwa hiyo wingi wa uniti kwa mwaka ndio unaotawala. Paa la kusini likiwepo, lijazwe kwanza. Mashariki na magharibi ni kwa nyumba isiyo na kusini, au ambayo kusini yake imejaa na bado inahitaji umeme zaidi.

Kuhusu theluji, chuo cha ufundi cha NAIT kilichopo mjini humo humo kilifanya jaribio linalomaliza ubishi. Paneli zilifungwa jozi jozi kwa minamo sita, kuanzia nyuzi 14 hadi kusimama wima kabisa, mwenzi mmoja wa kila jozi akifagiliwa theluji na mwingine akiachwa kama alivyo. Tofauti ya mwaka mzima ilikuwa ya asilimia chache tu, kubwa zaidi kwenye minamo midogo na ndogo kabisa kwenye paneli za wima. Anayepanda ngazi yenye barafu mwezi Januari ili afagie paa anahatarisha shingo yake kwa ajili ya uniti zisizonunua hata viatu vya theluji.

Jambo la paa lenyewe lisisahaulike. Vigae vya lami hudumu miaka 15 hadi 25, ilhali paneli huhesabiwa kudumu miaka 25 au zaidi, na kuzishusha na kuzirudisha ili kubadilisha vigae ni gharama ya maelfu ya dola. Paa lililobakiza miaka michache libadilishwe kwanza.

Bili yenyewe, mstari kwa mstari

Bili ya umeme ya Edmonton ina sehemu tatu ambazo mnunuzi wa paneli anapaswa kuzitenganisha. Ya kwanza ni bei ya nishati, inayolipwa kwa kampuni ya rejareja ambayo mteja huichagua mwenyewe kwa kuwa soko la Alberta ni huria. Asiyechagua hupewa bei ya msingi ambayo tangu Januari 2025 imekuwa takriban senti 12 kwa uniti. Ya pili ni usafirishaji na usambazaji unaohesabiwa kwa uniti. Ya tatu ni tozo za kila siku, ambazo hazishuki hata senti moja, uwe na paneli 20 au usiwe na hata moja.

Kanuni ya Alberta ya uzalishaji mdogo wa umeme, ya mwaka 2008, inasema kwamba uniti inayotoka nyumbani kwenda kwenye gridi hulipwa kwa bei ile ile ya nishati ambayo mteja ananunulia. Usafirishaji na usambazaji haurudishwi. Maana yake ni kwamba uniti iliyotumiwa ndani ya nyumba paneli zikiwa zinafanya kazi inaokoa sehemu ya kwanza na ya pili, na ile iliyotoka nje inalipwa sehemu ya kwanza peke yake. Tukichukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba usafirishaji na usambazaji ni senti 5 kwa uniti, basi uniti ya ndani ina thamani ya senti 17 na ya nje senti 12.

Sasa tuchukue nyumba inayotumia uniti 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi, na yenye paa la kusini la nyuzi 18. Nyumba nyingi za Edmonton hupashwa joto kwa gesi asilia, kwa hiyo matumizi ya umeme hayaruki sana majira ya baridi. Yanaongezwa na feni ya tanuru, taa, na waya wa kupasha injini ya gari asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Mfumo wa kilowati 6 utazalisha uniti 6,600 kwa mwaka, na ukifungwa kwa dola 2.75 kwa wati utagharimu dola 16,500. Tuseme uniti 2,300 zinatumiwa ndani na 4,300 zinatoka nje. Za ndani zinaokoa dola 391, za nje zinaingiza dola 516, jumla dola 907. Gharama itarudi baada ya miaka 18 hivi. Hiyo si biashara mbaya kwa kifaa cha miaka 25, ila haivutii.

Bei moja mwaka mzima, au bei mbili

Hapa ndipo penye uamuzi wenye uzito kuliko yote, na ajabu ni kwamba hauhusu kifaa chochote cha kufunga juu ya paa. Kwa kuwa kanuni inalazimisha bei ya kuuza ilingane na bei ya kununua, kampuni kadhaa za rejareja Alberta zimeweka mpango unaoitwa Solar Club, ambao humruhusu mwenye paneli kuwa na bei ya juu miezi ya jua na kuhamia bei ya chini miezi ya giza. Bei hiyo ya juu imekuwa ikizunguka senti 30 kwa uniti. Mteja anahama mwenyewe, kwa kutoa taarifa mapema, mara moja majira ya kuchipua na mara moja majira ya kupukutika majani.

Tuirudie hesabu ya nyumba ile ile. Kati ya Aprili na Septemba inazalisha uniti 4,900, inatumia ndani 1,500 na kupeleka nje 3,400. Katika miezi hiyo hiyo inanunua usiku na siku za mawingu uniti 1,800. Uniti zinazotoka nje kwa senti 30 zinaingiza dola 1,020 badala ya 408. Zile zinazonunuliwa zinapanda bei pia, na kuongeza dola 324 kwenye bili. Faida halisi ya kuhama ni dola 288, hivyo jumla ya mwaka inafika dola 1,195 na muda wa kurudisha gharama unashuka kutoka miaka 18 hadi chini ya 14. Hakuna paneli ghali wala inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kifahari inayoweza kufanya hivyo kwa gharama ya barua pepe mbili kwa mwaka.

Upo upande wa pili. Nyumba inayotumia umeme mwingi wakati wa kiangazi, kwa mfano yenye viyoyozi au gari la umeme linalochajiwa usiku, inaweza kununua kwa senti 30 kiasi cha kufuta faida yote. Kipimo ni rahisi: ikiwa kati ya Aprili na Septemba uniti zinazotoka ni nyingi kuliko zinazoingia, bei ya juu inafaa, zikiwa chache, haifai. Anayesahau kurudi kwenye bei ya chini kabla ya Novemba atalia, kwani miezi hiyo paneli hutoa kidogo na nyumba hununua karibu umeme wake wote.

Jambo hili linaamua pia ukubwa wa mfumo. Kanuni inataka mfumo usizidi mahitaji ya umeme ya nyumba kwa mwaka, na kampuni ya nyaya, ambayo Edmonton ni EPCOR, hupima ombi kabla ya kukubali kuunganisha na kubadilisha mita kuwa ile inayosoma pande zote mbili. Kati ya mfumo wa kilowati 3 na wa kilowati 6, mdogo hutumiwa ndani kwa sehemu kubwa zaidi na wauzaji wengine huusifu kwa sababu hiyo. Lakini vibali, kupandisha vifaa juu ya paa na kazi ya fundi wa umeme ni gharama zisizopungua kwa nusu paneli zinapopungua kwa nusu, na kwa bei mbili mfumo mdogo hauachi cha kutosha kuuza kiangazi. Kama paa na mfuko vinaruhusu, ukubwa unaokaribia matumizi ya mwaka ndio bora. Anayekusudia kununua gari la umeme mwaka ujao aiseme nia hiyo kwenye ombi tangu mwanzo.

Na betri au bila betri

Watu wengi waliotoka Afrika Mashariki au Kongo hulijibu swali hili kabla halijaulizwa, kwa sababu kwao mfumo wa jua bila betri si mfumo. Kwetu betri ndiyo inayowasha taa usiku na kuikomboa nyumba umeme unapokatika. Edmonton gridi ndiyo inayofanya kazi ya betri kwa mwaka mzima, ikipokea uniti za mchana wa Juni na kuzilipa kwa fedha zitakazopunguza bili ya Desemba. Hakuna betri ya nyumbani inayoweza kuhamisha umeme kutoka Juni hadi Desemba. Uwezo wake ni kuhamisha wa mchana hadi jioni ya siku hiyo hiyo.

Kuhamisha huko kuna thamani gani? Tuseme betri yenye uwezo wa uniti 10 inaingiza uniti 2,000 kwa mwaka ambazo zingetoka nje, na inapoteza asilimia 10 njiani. Bila betri, uniti hizo 2,000 zingeingiza dola 240 kwa senti 12. Zikipitia betri zinarudi 1,800, na kwa senti 17 zinaokoa dola 306. Tofauti ni dola 66 kwa mwaka, kwa kifaa ambacho kikiwa kimefungwa kinaweza kufikia dola 12,000 au zaidi. Hesabu hiyo haiokolewi na bei ya juu ya kiangazi, kwa sababu bei ya kuuza na ya kununua hupanda pamoja.

Sababu inayobaki ni kukatika kwa umeme, na hapa kuna jambo ambalo huwashtua wengi baada ya kulipa. Mfumo wa kawaida uliounganishwa na gridi huzimika wenyewe mara tu gridi inapozimika, hata kama jua linawaka, ili umeme wa paa usiwarushe mafundi wanaotengeneza nyaya barabarani. Anayetaka paneli zimsaidie wakati huo anahitaji betri au inveta iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, pamoja na swichi ya kuitenga nyumba na gridi. Nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine ina haki ya kuinunua bila kuangalia muda wa kurudisha gharama. Nyumba nyingine, kwa jinsi umeme wa Edmonton unavyokatika kwa nadra, ingefaa ibaki na nafasi ya kuiongeza baadaye. Betri za lithiamu, zaidi ya hayo, hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo ukutani mwa nje si mahali pake. Zinahitaji gereji yenye joto au ghorofa ya chini ya ardhi.

Inveta moja au inveta ndogo nyingi

Hapa maneno si mengi. Inveta ndogo chini ya kila paneli hufaa paa lenye kivuli cha hapa na pale au lenye pande mbili, na paneli moja ikiharibika nyingine huendelea. Inveta moja kubwa, yenye vidhibiti vidogo kwenye paneli, hukaa ndani ambako hutengenezwa bila kupanda paa, na hukubali betri kwa urahisi zaidi. Tahadhari moja ya mji huu ni kwamba volti ya paneli hupanda baridi inapozidi, na mnyororo wa paneli unaoingia kwenye inveta kubwa lazima uhesabiwe kwa asubuhi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Fundi akiulizwa swali hilo na asijue pa kuanzia, atafutwe mwingine.

Fedha taslimu au mkopo

Ruzuku ya serikali ya Kanada iliyofikia dola 5,000 ilifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2024, na mkopo wake usio na riba, uliofika dola 40,000 kwa miaka 10, ukafuata mwaka 2025. Matangazo ya zamani bado yanazitaja, na mnunuzi asipange bajeti kwa fedha ambazo hazipo tena.

Zilizobaki ni njia tatu. Fedha taslimu ndiyo njia ambayo hesabu za hapo juu zinaihusu. Mkopo wa benki hubadilisha kila kitu: kwa riba ya asilimia 6, riba ya mwaka wa kwanza ya dola 16,500 ni dola 990, kiasi kinachozidi dola 907 ambazo paneli zinaokoa kwa bei moja, na kinachomeza sehemu kubwa ya dola 1,195 za bei mbili. Kwa mwenye akiba isiyofanya kazi benki, paneli ni mahali pazuri pa kuiweka. Kwa anayekopa kwa riba hiyo, ni afadhali kwanza azibe nyufa za madirisha na kuongeza kinga ya joto darini, kwa gharama ndogo na faida inayoonekana kwenye bili ya gesi majira ya baridi ya kwanza.

Njia ya tatu ni mpango wa uboreshaji wa nishati safi ambao Edmonton ni miongoni mwa miji ya Alberta iliyouanzisha, ambapo jiji hulipa gharama mwanzoni, kisha mwenye nyumba huirudisha kidogo kidogo kupitia kodi ya majengo. Nafasi zake hufunguliwa na kujaa, kwa hiyo inabidi kuulizia jiji kama maombi yanapokelewa. Sifa yake kubwa ni kwamba deni hulifuata jengo, si mtu. Anayetarajia kuhama baada ya miaka mitano haachi nyuma paneli alizolipia kikamilifu, ila mnunuzi wa nyumba atakuta malipo hayo kwenye kodi yake, na dalali mzuri atahakikisha anaambiwa kabla ya kutia saini.